Seti ya plastiki ya kutoa upepo kwenye masta silinda: inafaa, ila tazama pistoni inaporudi

Masta silinda ni pampu kuu ya breki: ukikanyaga pedali, ndiyo inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Pakiti za kutoa upepo ndani yake zinauzwa kwa majina mengi, lakini ukizifungua kilichomo ni kile kile: paipu mbili nyembamba za plastiki angavu, viungio kadhaa vya plastiki vyenye meno ya ukubwa tofauti, na katika seti zilizofikiriwa vizuri, kibanio kidogo cha kuzuia paipu zisichomoke kwenye kopo la mafuta. Baadhi ya masta silinda mpya huja na seti kama hii ndani ya boksi. Kazi yake ni moja tu: kutoa upepo kwenye masta silinda ikiwa juu ya meza, kabla ya kufungwa kwenye gari.

Tunaipendekeza. Kwa masta silinda yenye matundu mawili ya kutokea mafuta na meno ya kawaida, inamaliza kazi ndani ya dakika kumi na tano hadi ishirini. Lakini ina udhaifu mmoja ambao maelezo yanayokuja nayo hayaugusi kabisa, na udhaifu huo ndio unaofanya watu warudishe masta silinda nzima dukani wakidhani ni mbovu. Plastiki ya viungio haizibi vizuri. Pistoni ikisukumwa, hiyo haileti shida kubwa. Pistoni ikirudi, inaleta shida yote.

Tuanze na sababu ya kifaa chenyewe kuwepo. Masta silinda ya gari la leo ina pistoni mbili zinazofuatana ndani ya silinda moja, kila moja na chumba chake na mabomba yake, ili upande mmoja ukivuja ule mwingine uendelee kushika. Kwenye muundo uliozoeleka, kila chumba kina njia mbili za kwenda kwenye kopo: tundu kubwa la kujazia, na kitundu kidogo mno, kama ncha ya sindano, ambacho kinakuwa wazi pale tu pistoni inapokuwa imerudi mwisho kabisa. Kwenye baadhi ya masta za magari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande breki ikikanyagwa kwa nguvu), kazi ya kitundu hicho hufanywa na vali ndogo iliyo katikati ya pistoni, lakini mantiki ni ile ile: breki ikiachiwa, njia ya kwenda kwenye kopo inafunguka.

Masta mpya, au iliyobadilishwa mipira, ni kavu. Ndani mna upepo mtupu. Ukiifunga hivyo garini na kuanza kupampu, pedali inabana upepo, upepo unatanuka, unabanwa tena, na mafuta hayaendi popote. Mafuta ya breki hayabanwi, upepo unabanwa. Ndiyo maana mwendo mzima wa pedali unaweza kuliwa na kiputo kisichofika ukubwa wa yai. Tena magari mengi yamefungwa masta ikiwa imeinama, ncha ya mbele ikiwa juu kidogo kuliko upande wa busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki. Upepo hupanda. Unakwenda kukaa kwenye hiyo ncha, mbali na kitundu cha kopo, na hapo hauna haraka ya kutoka. Unaweza kumaliza lita nzima ya mafuta kwenye magurudumu manne na pedali ikabaki laini kama sifongo.

Kwa gari lenye ABS kuna hasara ya ziada. Upepo unaosukumwa kutoka kwenye masta unapitia kwenye kitengo cha ABS, na ukijificha nyuma ya vali zilizofungwa, magari mengi yatahitaji kompyuta ya uchunguzi iziamrishe vali hizo zifunguke ndipo upepo utoke. Dakika ishirini za mezani zinakuepusha na hayo yote.

Turudi kwenye seti. Kabla ya kununua, angalia meno, kwa sababu hapo ndipo seti nyingi zinapoangusha wanunuzi. Masta za magari ya Kijapani na ya Ulaya mara nyingi hutumia M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.0, au M12 yenye hatua hiyo hiyo. Masta za magari mengi ya Kimarekani hutumia vipimo vya inchi, kama 3/8 yenye meno 24 kwa inchi, 7/16 yenye 24, 1/2 yenye 20 na 9/16 yenye 18, na mara nyingi matundu mawili ya masta moja hayalingani, kwa makusudi, ili bomba la mbele lisifungwe nyuma. Usikisie kwa macho. Chukua nati ya bomba la gari lenyewe ulinganishe na kiungio. Kiungio cha 3/8 kitaingia kwenye tundu la M10 mzunguko mmoja au miwili, kikalegalega, na mtu asiyejua ataona kimekubali.

Jambo la pili halielezwi hata na seti za bei ya juu. Chini kabisa ya tundu la kutokea mafuta kuna kikalio, na vikalio ni vya aina mbili. Kuna chenye koni iliyosimama kuelekea nje, kwa ajili ya bomba ambalo mdomo wake umefunuliwa kama faneli. Na kuna kilichochimbwa kuingia ndani, kwa ajili ya bomba lenye mdomo uliovimba kama kitufe. Kiungio cha plastiki kina ncha ya umbo moja tu, na hakiwezi kukaa sawasawa kwenye vikalio vyote viwili. Pale kinapokaa vizuri, kinaziba kwa ncha. Pale kisipokaa, kinategemea meno peke yake, na meno ya plastiki hayazibi. Ukiwa na kurunzi, chungulia ndani ya tundu kabla ya kufunga. Ukiona koni imesimama, chagua kiungio ambacho ncha yake ina shimo pana la kuipokea.

Jambo la tatu ni idadi. Kuna masta zenye matundu matatu au manne, hasa kwenye magari ambayo mabomba yake yamepangwa kwa msalaba, gurudumu la mbele kushoto likienda pamoja na la nyuma kulia. Seti yenye paipu mbili haitoshi hapo, labda uwe na vizibo vya kuziba matundu yaliyobaki. Usitumie vile vifuniko laini vya rangi vilivyokuja na masta mpya. Hivyo ni vya kuzuia vumbi njiani, vinachomoka mara ya kwanza unaposukuma na mafuta yanakurukia usoni. Miwani ya kazi ivaliwe tangu mwanzo.

Kufunga masta kwenye jiliwa, au vaisi kama wengi wanavyoiita, kuna ustadi wake. Bana masikio yanayopita boliti, si mwili wa silinda. Mwili ni wa alumini kwenye masta nyingi, na jiliwa ikibana mwili, silinda ya ndani inapinda kiasi kisichoonekana kwa macho lakini mpira wa pistoni utakihisi. Weka masta ikiwa imelala sawa, au bora zaidi, ncha ya mbele ikiwa chini kidogo kuliko upande unaosukumwa. Hapa unageuza ule mwinamo wa garini: upepo wa kila chumba sasa unapanda kuelekea nyuma, kwenye kitundu cha kopo, badala ya kwenda kukwama mbele. Hilo peke yake hupunguza kazi kwa nusu.

Kama unahamisha kopo kutoka kwenye masta ya zamani, lisafishe kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, lisiguswe na petroli wala dizeli. Mipira miwili ya chini ya kopo iwe mipya, ilowekwe kwa mafuta ya breki, na kopo lisukumwe kwa kiganja hadi lilie mara mbili. Ukilichokonoa kwa bisibisi litapasuka kwenye shingo, na ufa huo utavujisha wiki mbili baadaye ukiwa umeshasahau.

Viungio vifungwe kwa vidole mpaka vikome, kisha robo mzunguko kwa spana, si zaidi. Plastiki hii inakatika, na kipande kinachobaki ndani ya tundu kinatolewa kwa taabu sana bila kuacha mabaki. Mtu anayefikiria kuzungusha tepu ya Tefloni kwenye meno aachane na wazo hilo: nyuzi za tepu husafiri na mafuta, na safari yake inaishia kwenye vali za ABS au kwenye kitundu kidogo cha kopo.

Kila paipu iende kwenye chumba chake cha kopo. Kopo nyingi zina ukuta katikati, na paipu ya mbele ikirudishwa nyuma, upande mmoja utapungua huku mwingine ukifurika. Mwisho wa paipu uzame chini ya mafuta, lakini usigusane na tundu la kujazia, maana viputo vikitoka hapo vitafyonzwa tena papo hapo na utazunguka na upepo ule ule siku nzima. Jaza mafuta mapya kutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa, na usiitikise. Chupa ya nusu lita inatosha kwa kazi ya mezani na kubakiza kidogo cha kujazia.

Kisukumio kiwe butu: kijiti cha mbao kilichokatwa mviringo, au bisibisi kubwa ya nyota ikiwa ncha yake inakaa vizuri kwenye kishimo cha pistoni. Ncha kali itateleza na kuchora ukuta wa silinda, na mchoro huo hauna tiba.

Sasa kusukuma. Taratibu, mpaka mwisho, kwa sekunde tano hivi. Mwanzoni kabisa mwa mwendo, tazama ndani ya kopo: utaona mafuta yakiruka kidogo kutoka kwenye kitundu. Hiyo ni habari njema. Maana yake kitundu ki wazi na pistoni ilikuwa imerudi mwisho. Ukisukuma kwa nguvu, mruko huo unafika darini, kwa hiyo kifuniko kikae juu ya kopo bila kukazwa. Viputo vya kwanza vitakuwa vikubwa, vinabubujika. Baada ya misukumo minne au mitano vinakuwa vidogo, kisha vinafuatana kama shanga ndani ya paipu.

Halafu iachie pistoni. Hapa ndipo maelezo ya kwenye pakiti yanasema tu "achilia", na hapa ndipo kazi inapoharibika. Springi ya ndani inarudisha pistoni kwa nguvu, chumba kinapanuka, na panakuwa na mvuto ndani. Mvuto huo unatakiwa kujazwa na mafuta: mengine kutoka kopo, yakipita kando ya ukingo wa mpira wa pistoni, mengine yakirudi kwa paipu. Lakini upepo ni mwepesi kuliko mafuta. Kama meno ya kiungio yana mwanya, hata mdogo kiasi cha unywele, upepo wa nje ndio utakaowahi kuingia. Kwenye msukumo unaofuata unauona ukitoka kwenye paipu kama viputo vidogo, na unaamini bado unatoa upepo wa ndani. Unasukuma mara hamsini. Viputo haviishi. Mwishowe lawama inaangukia masta.

Dawa yake ni kurudisha pistoni polepole kuliko ulivyoisukuma. Izuie kwa kisukumio, iruhusu irudi kwa sekunde kumi, isubiri sekunde chache mwishoni ili kitundu kifunguke na chumba kijae, ndipo usukume tena. Mvuto ukiwa mdogo, mafuta yanapata muda wa kufika kabla ya upepo. Wenye mkono wa pili wa msaada wanaweza pia kubana paipu zote mbili kwa vidole pistoni inaporudi, ili chumba kijazwe na kopo peke yake. Njia hii ya kubana inasaidia dhidi ya viputo vilivyobaki kwenye paipu. Haisaidii dhidi ya meno yanayovuja, maana mvuto unaongezeka na meno yanavuta zaidi. Kwa hiyo kwanza jua ni lipi linalokusumbua.

Kujua ni rahisi. Pangusa kiungio kwa kitambaa kikavu mpaka kisiwe na unyevu, kisha sukuma mara moja taratibu na uangalie shina lake. Likilowa, linavuja, na linapotoa mafuta pistoni ikienda, huvuta upepo pistoni ikirudi. Kikiwa kikavu kabisa na viputo bado vinakuja kwa ukubwa ule ule, tazama upande wa kopo: huenda paipu imeinuka juu ya mafuta, au mpira wa chini ya kopo haujakaa. Na kama mafuta yenyewe yamegeuka meupe kama maji ya sabuni, tatizo ni haraka yako. Umeyachapa mpaka yamejaa vipovu vidogo sana. Hakuna kusukuma kutakakoviondoa. Acha masta ipumzike robo saa, gonga mwili wake kwa mpini wa nyundo ya mbao, na utaviona vikipanda vyenyewe.

Masta nzima iliyowekwa vizuri hujisafisha kwa misukumo kumi hadi ishirini. Ikifika thelathini na hakuna dalili ya kupungua, acha kusukuma na utafute mwanya.

Kipimo cha mwisho hakimo kwenye pakiti, na kukosekana kwake ndilo lalamiko letu kubwa kwa watengenezaji. Paipu zisizo na viputo hazithibitishi kuwa chumba hakina upepo. Zinathibitisha tu kwamba kinachopita kwenye paipu ni mafuta. Uthibitisho unapatikana kwa vizibo. Toa paipu, ziba matundu yote kwa vizibo vya chuma vyenye meno sahihi, kisha sukuma pistoni. Mara ya kwanza itaingia kiasi. Iachie, subiri sekunde kumi na tano, rudia. Upepo uliobaki hauna pa kwenda isipokuwa kupanda kwa kitundu kwenda kopo, na kila mara mwendo wa pistoni unapungua. Ikifika mahali inaingia milimita 3 au pungufu kisha inakataa, ngumu kama unasukuma ukuta, kazi imekwisha. Inayoendelea kuzama bila kukoma chini ya mkono unaosukuma, huku vizibo vikiwa vikavu, ina mpira wa ndani ulioharibika, na hapo ndipo una haki ya kuirudisha dukani. Kabla ya kipimo hiki, huna ushahidi.

Vizibo vya chuma vinne vya M10 na M12 vingekuwa nyongeza ndogo kwa mtengenezaji na vingeigeuza seti hii kuwa kamili. Badala yake tunapewa viungio vya ukubwa ambao hautatumika. Fundi mwenye vipande vya bomba la zamani anaweza kujitengenezea kitu bora: kata sentimita 20 za bomba la breki pamoja na nati yake, likunje liingie kwenye kopo. Mdomo wake umetengenezwa kwa kikalio kile kile, unaziba kama inavyotakiwa, na suala la kuvuta upepo kwenye meno halipo tena. Kwa anayefanya kazi hii kila mwezi, hiyo ndiyo njia. Seti ya plastiki ni ya anayeifanya mara moja kwa miaka.

Kuhamisha masta kwenda garini kunahitaji utulivu. Iache na paipu zake au vizibo, ipitishe kwenye boliti za busta, kaza nati zake. Kisha toa paipu moja, shika bomba la gari, lianzishe kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla spana haijagusa. Au anzisha mabomba kabla ya kukaza nati za busta: masta ikiwa bado haijakazwa kabisa inachezacheza, na mchezo huo husaidia nati za mabomba kuingia bila kupindana. Wengi hufunga mabomba kwanza kwa sababu hiyo, na ni utaratibu mzuri. Tumia spana ya mabomba ile yenye mdomo wa pete uliokatwa, ya 10 au ya 11 kwa magari mengi, kwani spana ya wazi inakula pembe za nati. Ukazaji kwa kawaida ni kati ya Nm 12 na 18. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Matone machache yatadondoka na upepo kidogo utaingia wakati wa kubadilishana. Utoe hapo hapo: msaidizi akanyage pedali taratibu na kuishikilia, wewe legeza nati ya bomba nusu mzunguko, upepo na mafuta vitoke, kaza, ndipo aachie. Mara mbili kwa kila bomba inatosha. Baada ya hapo endelea kutoa upepo kwenye magurudumu kwa mpangilio wa mtengenezaji wa gari. Hata kama mabomba hayakuguswa, usiruke hatua ya magurudumu.

Tukumbushe jambo la busta. Kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta lazima pawe na nafasi ndogo. Fimbo ikiwa ndefu, inaisukuma pistoni hata breki ikiwa imeachiwa, kitundu cha kopo kinabaki kimefungwa, mafuta yakipata joto hayana pa kurudi, na breki zinashika zenyewe barabarani. Ikiwa fupi mno, pedali inakwenda chini kabla ya kufanya kazi, na mtu ataanza tena kutafuta upepo ambao haupo. Masta mpya ilinganishwe na ya zamani kwa kina cha kishimo cha pistoni kabla ya lolote.

Seti hii inaweza kutumika pia garini, masta ikiwa mahali pake, kwa mtu asiye na jiliwa. Matokeo ni ya wastani. Mwinamo tuliousema unafanya kazi dhidi yako, basi inua nyuma ya gari kwa jeki na stendi hadi masta ilale sawa. Anayekanyaga afanye kwa mkono, si kwa mguu, ili apate utaratibu huo huo wa kurudi polepole. Kama masta ni ya zamani na unatoa upepo tu baada ya kopo kukauka, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho: sehemu ya silinda ambayo pistoni haijawahi kuifikia ina kutu na uchafu, na mipira ikipita hapo inakatika. Funika rangi ya gari kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji. Mafuta ya breki hula rangi, na tone likidondoka lioshwe kwa maji mengi, lisipanguswe kavu.

Vifaa vingine vinavyoshindana na seti hii tutavipitia kwa ufupi. Sirinji kubwa ya mililita 60 yenye kipaipu ni mshindani wa kweli: unaingiza mafuta kwa tundu la kutokea, na viputo vinapanda kuelekea kopo, njia ambayo upepo unaipenda wenyewe. Hakuna pistoni inayorudi, hakuna mvuto. Shida ni kwamba kipaipu lazima kizibe kwenye tundu, na mpira wa sirinji za hospitali hukwama baada ya kugusana na mafuta ya breki mara chache. Inavutia zaidi kwa masta yenye kopo la mbali, ambapo paipu za seti yetu hazina pa kurudia. Pampu ya kuvuta inayofungwa kwenye nipeli za magurudumu, zile skrubu ndogo za kutolea upepo, ni ya mabomba, si ya masta kavu. Nayo huvuta upepo kwenye meno ya nipeli na kukudanganya vile vile. Chupa ya shinikizo inayofungwa juu ya kopo, kwa psi 10 hadi 15, ni kifaa kizuri kweli kwa gari zima, lakini haisogezi pistoni, na kiputo kilichokaa kwenye ncha ya mbele kinaweza kuachwa hapo hapo huku mafuta yakipita chini yake. Ndiyo maana hata mwenye chupa hiyo bado anahitaji meza na jiliwa.

Ikiwa masta imefaulu kipimo cha vizibo na pedali bado ni laini, usiifungue tena. Angalia kama kalipa, zile zinazobana pedi kwenye diski, hazikubadilishwa kushoto kwenda kulia, kwani nipeli ikiwa chini upepo wa juu hautoki kamwe. Angalia urekebishaji wa breki za ngoma za nyuma, na paipu za mpira za magurudumuni zinazovimba breki ikikanyagwa.

Kuhusu mafuta: fuata daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja na viwango vyake vya chini vya kuchemka, yakiwa mapya, ni nyuzi 205, 230 na 260 za Selsiasi. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Yaliyopita kwenye paipu za mezani yakiwa masafi yanaweza kubaki kwenye kopo kwa muda wa kazi, lakini yaliyokusanywa kwenye kikombe yasirudishwe. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Oili ya injini, ya usukani au ya gia isikaribie hata kwa faneli: mipira yote ya ndani itavimba na masta mpya itakuwa imekwisha kabla haijatembea.

Ukimaliza, osha paipu kwa spiriti, zipulize, zining'inize zikauke. Baada ya kazi mbili au tatu plastiki inakuwa ngumu na ya manjano na haibani tena kwenye kiungio. Hapo kata sentimita moja ya mwisho wake ujaribu tena. Ikishakuwa fupi mno kufika kopo, nunua paipu angavu ya kipenyo hicho hicho kwa mita, na uendelee kutumia viungio ambavyo meno yake bado ni mazima.